Greda na Mashada

Kila baada ya kilomita mbili: "Simama!"
Nami nasimama. Breki, vumbi, kimya,
na Glenys keshafungua mlango kabla gari halijatulia,
kamera shingoni, kofia mkononi, miaka sitini na tisa
na mbio za mtoto aliyesikia kengele ya kutoka shule.

Mimi hubaki nimeshika usukani wa gari lililozimwa.
Naijua barabara hii. Mullewa hadi Pindar, Pindar na kuendelea,
nimeichonga kwa greda miaka thelathini na mmoja,
jicho kwenye kisu, jicho kwenye tuta la changarawe
linavyojikunja pembeni kama shuka jekundu.
Maua? Yalikuwapo, nadhani.
Nzi pia walikuwapo.

Leo nimeajiriwa upya: mimi ni kivuli.
"Desmond, simama hapo. Siyo hapo, pale. Rudi kidogo.
Jua linalichoma usoni."
Basi nasimama, mzee mzima mwenye goti bovu,
tumbo langu likikinga kiua cha njano
ambacho ningeweza kukifunika kwa kifungo cha shati.

Yale meupe na ya waridi tumeyapita tangu asubuhi,
ekari kwa ekari, makavu yangali hai,
ukiyagusa yanachakarika kama karatasi ya zawadi.
Watu wa Perth wameegesha, wameingia katikati,
wameyakalia, wanajipiga picha wakicheka.
Glenys aliwatazama
kama unavyomtazama mtu anayetema mate kisimani.

Anachokitafuta yeye ni shada:
mmea uotao duara, umelala chini kabisa,
kijani katikati, maua ukingoni, wekundu na weupe wa maziwa,
mithili ya taji lililomdondoka bibi harusi
na hakuna aliyerudi kuliokota.
Siku ya tatu hii. Hatujaona hata moja.
Tumepita vichakani hadi soksi zimejaa miiba.

Dukani, tukinywa chai, mwanamke aliyekuwa akifuta kaunta,
Noelene, bila kuinua kichwa:
"Msihangaike na vichaka. Shada halitaki pasipoguswa.
Nendeni pale greda ilipopasua ardhi miaka ya nyuma."

Kikombe cha Glenys hakikufika mdomoni.

Sasa, mwaka wa themanini na nane
mwanamke huyuhuyu alininunia siku mbili.
"Unaichuna nchi ngozi," alisema,
nami nikala viazi vyangu baridi, sikujibu,
kwa kuwa nilidhani ni kweli.

Nikachukua funguo. Sikuhitaji ramani.
Nilijua ni wapi nilihamisha mtaro, mwaka wa mafuriko,
nikaacha ukingo mtupu, mbaya, ulionitia aibu.
Kilomita ya kumi na nne baada ya reli, kushoto.
Safari hii mimi ndiye niliyesema: "Simama,"
ingawa dereva nilikuwa mimi.

Kumi na moja. Niliyahesabu mara mbili.
Yamekaa kwenye changarawe yangu
kama sahani zilizoandaliwa kwa wageni.

Glenys hakusema kitu. Alilala kifudifudi,
kidevu mchangani, akaanza kupumua polepole
kama anavyofanya kabla ya kubonyeza.
Lori la ngano likaja, likapiga honi, likatumwagia vumbi lote la wilaya.
Alikuwa na kofia moja tu.
Hakufunika lenzi. Alifunika ua.

Usiku, kwenye chumba cha kupanga chenye feni inayogugumia,
tunazipitia picha moja moja, vichwa vimegusana.
Ile iliyo safi kuliko zote ina kasoro: kwenye kona,
ncha ya kiatu changu, imechubuka, nyekundu kwa vumbi.
"Ikate hiyo," nikamwambia.
Aliitazama muda mrefu.
Kisha akaifanya kubwa zaidi, kiatu na vyote,
akazima taa.